Harusi Tuliyoiendea Kinyumenyume

Vijana wanaoanza umakanika huja hapa kwangu Kianda, Kibera, na swali lilelile: Mzee Barasa, mtu atajuaje klachi imekwisha? Mimi huwatazama miguuni kwanza. Msinione nina dharau. Ni mazoea niliyoachiwa na Fundi Wekesa, mtu aliyenifundisha kazi. Mteja akifika gerejini kwetu na kuanza kueleza gari lake linavyosumbua, Wekesa alimkatiza. "Ngoja kwanza. Inua kiatu ya kushoto."

Mteja anashangaa, anashika ukuta, anainua mguu kama ng'ombe anayekaguliwa kwato. Wekesa anainama, anaitazama soli. Ikiwa ya kushoto imelika pale mbele kuliko ya kulia, anatikisa kichwa. "Wewe unaendesha ukiwa umekanyaga klachi kutoka nyumbani mpaka kazini. Hii gari unaitesa."

Na hakukosea hata mara moja, angalau mbele yangu.

Nyinyi mnapenda kuanza na spana. Anzeni na kuelewa. Klachi ni kushikana. Injini inazungusha kitu kizito cha chuma, na magurudumu yanangoja kuzungushwa. Katikati kuna sahani iliyovalishwa ngozi ngumu pande zote mbili. Ukiachilia pedeli, sahani inabanwa, injini na magurudumu vinashikana, gari linakwenda. Ukikanyaga, vinaachana. Ukikanyaga nusunusu, vinasuguana bila kushikana wala kuachana, na ile ngozi inaungua na kulika. Ikishalika, injini inapiga kelele na gari linakutazama tu. Hapo ndipo mtu anakuja kuniambia injini yake imekosa nguvu, nimfungulie injini yote. Injini haina kosa. Inazunguka peke yake huko ndani bila kushikwa na mtu.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Nilikuja kutoka kwetu magharibi na mashati mawili, nikapanga chumba Kianda, jirani na Wekesa. Kila asubuhi tulitoka Kibera kwa miguu mpaka Kawangware, ambako gereji yetu ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa mafuta, nyuma ya nyumba za mabati za kukodisha. Uwanja huo na nyumba zile zote zilikuwa za Mzee Kamande, mwenyeji wa pale tangu enzi za babu yake, mtu mnene, mwenye kofia na bakora, na mwenye gari.

Gari lile alilipenda kuliko meno yake. Lilikuwa la rangi ya maziwa, na alilipangusa kwa kitambaa cha kanisani. Lakini aliliendesha kama mtu anayeua siafu: mguu wa kushoto haukutoka kwenye pedeli. Kwenye mlima hakuvuta handibreki. Alilishikilia gari kwa klachi, injini ikinguruma, huku akisalimiana na wapangaji wake kupitia dirishani, na harufu kama ya nywele zilizoungua ikiwafikia wote.

"Mzee, klachi hiyo," Wekesa alikuwa akimwambia.

"Gari yangu haina ugonjwa," alijibu Mzee. "Hiyo harufu ni ya hawa watu wanachoma takataka."

Miaka miwili alisema hivyo. Hata siku harufu ilipotoka wakati wa mvua, alisema wanachoma takataka mbichi.

Sasa, Wekesa alikuwa na mambo yake. Alikuwa na miaka hamsini, mjane wa miaka mingi, na alikula chakula cha mchana kila siku katika hoteli ya mama mmoja anaitwa Rebeka, hapohapo Kawangware. Rebeka naye alikuwa mjane. Alipika chapati ambazo watu walitoka Riruta kuzifuata. Wekesa alikula pale miaka minne, na kila kikombe alichoshika kilibaki na alama za vidole vyeusi. Mwishowe Rebeka alimtengea kikombe chake, akakitundika kwenye msumari juu ya mlango ili asikichanganye na vya watu. Mwingine angeona ametukanwa. Wekesa aliona amependwa.

Alimposa. Rebeka alikataa. Alimposa tena mwaka uliofuata, Rebeka akamwambia atafikiria. Mara ya tatu nilikuwepo, nina chapati mdomoni, na nilisikia jibu kwa masikio yangu.

"Wekesa, sikiliza vizuri. Nitakubali. Lakini siku ya harusi uje kanisani kwa gari kama mtu, si kwa miguu na matope. Na mikono iwe safi. Nikiona ukucha moja nyeusi, moja tu, mimi navua hilo shela naenda kupika. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema."

"Ukucha moja," alisema Wekesa.

Kuanzia siku hiyo, wiki tatu nzima, hakutengeneza gari kwa mikono yake. Mnajua maana yake? Fundi mkuu anakaa juu ya tairi na mikono ameikunja kifuani kama mchungaji, ananiambia mimi, "Legeza hiyo. Siyo hiyo. Hiyo nyingine." Usiku alijipaka mafuta ya kupikia vidoleni na kuvaa soksi mikononi ili ule weusi wa miaka thelathini utoke. Mimi nikawa mikono yake. Na Mzee Kamande, kwa kuwa alimheshimu Wekesa, akajitolea gari lake limpeleke kanisani. Sharti lake lilikuwa moja: lazima na yeye awemo, akae mbele, ili watu wajue gari ni la nani.

Jumatano ya wiki ya harusi, Wekesa mwenyewe alilifuata gari nyumbani kwa Mzee, akaliendesha mpaka gerejini, akashuka.

"Barasa, pima klachi ya hii gari," akaniambia, akaenda kukatwa nywele.

Sasa hapa tegeni sikio, kwa sababu ndipo nilipofanya kosa la maisha yangu. Kipimo cha klachi ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, hakikisha hakuna mtu mbele. Vuta handibreki kwa nguvu. Washa injini, tia gia ya tatu au ya nne, kanyaga mafuta kidogo, kisha achilia klachi taratibu. Klachi nzima itaibana injini, na kwa kuwa gari limezuiwa, injini itakohoa na kuzima. Injini ikiendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea, klachi imekwisha. Msirudie kipimo hiki mara nyingi, kwa sababu kila mara mnaila klachi kidogo.

Nilifanya vyote kwa utaratibu. Nilivuta handibreki. Nikatia gia ya tatu. Nikaachilia pedeli, nikasikia injini inanguruma, inanguruma, halafu ikakohoa mara mbili na kuzima.

Nilifurahi sana. Niliruka nje, nikapiga boneti kofi. Wekesa aliporudi kutoka kwa kinyozi nilimwambia, "Fundi, klachi ni nzima. Imezima pale pale."

"Kama umepima, umepima," alisema, akapangusa nywele shingoni.

Mchana tukaenda kula, na Mzee akaja na mtu wake wakalichukua gari. Hatukuonana tena mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi ilikuwa imenyesha. Njia zote za Kianda zilikuwa uji mwekundu. Wekesa alitoka chumbani amevaa suti nyeupe. Nyeupe! Nilimwuliza kwa nini hakuchagua hata ya kijivu, akasema Rebeka ndiye aliyechagua kitambaa. Tulimbeba juujuu, mimi na jirani mmoja, tukampitisha matopeni mpaka kwenye gari, tukamweka kiti cha nyuma. Mzee Kamande alikuwa tayari kiti cha mbele, kofia kichwani, bakora katikati ya magoti. Mimi nikashika usukani.

Tulitoka vizuri. Barabara tambarare haina maneno na klachi mbovu. Inaweza kukudanganya mwezi mzima. Tulikuwa tumepita Dagoretti Corner, tunakata kuelekea Kawangware, nilipoanza kusikia injini inapanda sauti na gari halipandi mwendo. Nikakanyaga mafuta zaidi. Sauti ikapanda zaidi. Mwendo ukabaki uleule.

"Gari inaimba leo," alisema Mzee Kamande kwa furaha. "Hata juzi nilishangaa. Ile Jumatano nilipokuja kuichukua kwenu ilikataa kuwaka kabisa. Kumbe tangi ilikuwa kavu. Kavu kabisa, hata tone! Na mshale unasema nusu. Huo mshale ulikufa kitambo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Injini haikuzimwa na klachi. Ilizima kwa sababu mafuta yalikwisha, dakika ileile, sekunde ileile niliyoachilia pedeli. Mtu angeweza kujaribu miaka mia asipatie mahesabu kama hayo. Nilimtazama Wekesa kwenye kioo. Alikuwa ametazama nje, mikono yake misafi juu ya magoti.

Mbele yetu palikuwa na daraja dogo, na baada ya daraja, kilima. Si kilima cha kutisha. Siku hizi hata hamkioni, mmejaza nyumba. Lakini kilikuwa cha murram, udongo wa changarawe, ulionyeshewa, na kanisa lilikuwa juu yake, upande wa pili wa maduka.

Tulipanda hatua kama thelathini. Injini ikalia kama inachinjwa, harufu ikajaa ndani, moshi ukachungulia pembeni ya gia, na gari likasimama. Halafu, polepole, likaanza kurudi nyuma mpaka darajani. Nikavuta handibreki, nikazima.

Maji ya mtoni yalisikika.

"Wanachoma takataka," alisema Mzee Kamande, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Wekesa alisogea dirishani. Alitazama njia tuliyotoka, kuelekea Kibera. Alitazama kilima. Nilidhani ananitafutia matusi. Nikamwambia, "Fundi, nisamehe." Wekesa akavuta pumzi, akakaa wima.

"Acha ipoe kidogo," akasema. "Halafu geuza gari."

"Tunarudi nyumbani?"

"Tunaenda kanisani. Rivasi iko na nguvu kuliko gia ya kwanza kwa hii gari. Klachi inabebeshwa kidogo. Geuza, tupande na matako."

Andikeni hilo, linaweza kuwaokoa siku moja. Klachi ikikufia na huna budi kusonga, ipe nafasi ipoe, punguza uzito, tumia gia fupi kuliko zote, yaani ile yenye nguvu nyingi na mwendo mdogo, mafuta kidogo tu, na pedeli uiachilie yote. Usiibembeleze katikati, utaimalizia. Na katika magari mengi ya zamani, gia fupi kuliko zote ilikuwa rivasi, gia ya kurudi nyuma.

"Na lazima uzito upungue," Wekesa aliendelea. "Mzee, tafadhali, shuka."

Mzee Kamande aligeuka mzimamzima. "Mimi? Nishuke kwa gari yangu?"

"Kuna matope, na mimi niko na suti. Barasa anaendesha. Kumebaki wewe."

"Wapangaji wangu wote wako hapo juu! Watasema nini wakiniona natembea, na gari yangu inakwenda na mgongo?"

Wekesa alifikiri. "Usitembee tu. Elekeza. Mtu akielekeza gari, huyo ni mkubwa."

Hilo lilimwingia. Alishuka, akakunja suruali, akatangulia juu ya kilima, akageuka kututazama na kuinua bakora. Mimi nilikuwa nimeligeuza gari, pua imeelekea Kibera, mkia umeelekea kanisani. Nikatia rivasi, nikaachilia pedeli. Likatetemeka. Likashika! Likaanza kupanda, mwendo wa kobe mgonjwa, shingo yangu imejipinda kutazama nyuma.

"Rudi!" alipiga kelele Mzee Kamande, akirudi kinyumenyume mbele ya mkia wa gari, bakora juu. "Rudi! Rudi! Kuja, rudi!"

Kama anayesaidia mtu kuegesha gari sokoni, isipokuwa sehemu ya kuegesha ilikuwa nusu kilomita mbele. Watu walitoka milangoni. Mpangaji mmoja akauliza, "Mzee, mnapaki wapi?"

"Kanisani!" alijibu bila kugeuka. "Rudi! Kata kushoto! Rudi!"

Sasa tulikuwa tumechelewa. Huko juu, dada yake Rebeka, mwanamke mrefu anaitwa Salome, alikuwa amechukua akina mama kama kumi wa kanisa wateremke kumpokea bwana harusi kwa nyimbo. Walipofika ukingoni mwa kilima wakaona nini? Gari la bwana harusi limeelekeza pua Kibera. Na Mzee Kamande katikati ya barabara, jasho linamtoka, anapunga bakora na kulia kwa sauti yote: "Rudi! Tafadhali rudi!"

Hiyo "tafadhali" hakuwaambia wao. Aliniambia mimi, kwa sababu nilikuwa naelekea mtaroni. Lakini Salome alielewa alivyoelewa.

"Anatoroka!" alipiga ukelele. "Wekesa anatoroka! Mzee wa watu anamlilia arudi!" Akamtuma mmoja mwenye miguu myepesi akamwambie Rebeka, na wale wengine wote wakateremka mbio, leso zinapepea, wakapita pande zote mbili za gari, wakalizunguka kwa mbele. Kumi wote wakashika boneti na bampa, wakaweka vichwa chini.

"Haendi mtu!" alisema Salome. "Sukumeni! Asipite hapa!"

Na wakasukuma.

Hebu fikirini hapo mlipokaa. Wao wanaamini wanalizuia gari lisiende Kibera. Gari lenyewe linajitahidi kwa pumzi yake ya mwisho kwenda kanisani. Wote tunakwenda upande mmoja, na hakuna anayejua ila sisi wawili tulio ndani na Mzee. Klachi ilikuwa imeanza kuteleza tena, nilikuwa nimeshakata tamaa, na ghafla gari likapata nguvu kama limezaliwa upya.

Nikashika kioo cha mlango nikishushe, niwaeleze. Wekesa akaniwekea mkono begani.

"Wewe, nyamaza," alisema kwa sauti ndogo. "Waache wasukume."

"Lakini fundi, wanafikiri unatoroka."

"Tutaeleza tukifika. Ukieleza sasa, wataacha."

Salome alinitazama usoni kupitia kioo cha mbele, macho yamemtoka. "Na wewe, Barasa! Unamsaidia!" Nilikanyaga mafuta kidogo tu, kama nilivyofundishwa. Injini ikanguruma. "Mnaona? Anaongeza moto! Sukumeni kabisa!"

Wakatusukuma kilima chote. Wakatupitisha kwenye maduka. Mzee Kamande huko nyuma alikuwa anakimbia sasa, kofia imeanguka, bado anapaza sauti, "Rudi! Rudi!" na watu wote wa barabarani wakamwitikia kwa huruma, "Rudi, Wekesa! Rudi, baba!" Tukaingia uwanja wa kanisa kwa mkia, moshi umetuzunguka, na gari likajigonga taratibu kwenye ngazi za mlango na kuzima. Mimi sikulizima. Lilizima lenyewe.

Juu ya ngazi alikuwa amesimama Rebeka. Shela alikuwa amelivua, amelikunja, amelishika chini ya kwapa.

"Tumemrudisha!" alisema Salome, akihema.

Wekesa alifungua mlango. Kwa sababu gari lilikuwa limegota kwenye ngazi, alikanyaga saruji moja kwa moja, hakuna tone la tope. Akasimama na suti yake nyeupe. Watu wakanyosha shingo.

"Ulikuwa unatoroka?" Rebeka aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nakuja."

"Ukiwa umeangalia Kibera?"

"Nilikuwa nakuja kinyumenyume," alisema Wekesa. "Klachi imekufa."

Rebeka alimgeukia Mzee Kamande, ambaye alikuwa ameinama anashika magoti, anatafuta hewa. "Mzee, wewe ndiye mwenye gari. Ni kweli?"

Niliona anavyopigana. Wapangaji wake walikuwa wamejaa uwanjani. Miaka miwili alikuwa amewaambia gari yake haina ugonjwa. Angeweza kusema halina, na harusi ingekufa pale pale, mbele ya mchungaji aliyekuwa anachungulia mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Ni... ina kahoma kidogo," alisema.

"Sauti, Mzee. Na hii harufu?"

Alitazama moshi. Nilijua takataka zinakuja. Nikaziona zimefika mpaka kwenye ulimi wake. Halafu akamtazama Wekesa, na mabega yakamshuka.

"Klachi imekufa!" alipaza sauti, mpaka njiwa wa paa la kanisa wakaruka. "Klachi yangu imekufa! Mimi ndiye nimeiua, na huu mguu! Si takataka! Haijawahi kuwa takataka!"

Rebeka alishuka ngazi moja. "Mikono," alimwambia Wekesa.

Akaitoa. Rebeka aliigeuza huku na huku, akatazama ukucha mmoja mmoja, zote kumi, kama anayechambua mchele. Aliporidhika, akalikunjua lile shela, akampa Salome amvalishe. Alipopita karibu nami alitazama mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye viwiko. "Na wewe," alisema, "kaa nyuma kabisa. Usishike kiti."

Waliingia, wakaoana. Mzee Kamande alilia katika wimbo wa pili, na sijui kama ni kwa ajili ya harusi.

Jumatatu tulilisukuma gari mpaka gerejini, na Wekesa akaniambia nitoe mwenyewe giaboksi, lile sanduku la gia linaloficha klachi. Enzi hizo hatukuwa na vifaa vya kulishushia. Ulilala chali chini ya gari, ukafungua bolti zote, ukalipokea giaboksi kwa kifua, ukakumbatiana nalo kama ndugu aliyetoka safari, halafu mwenzako analiburuta litoke. Nilipolipokea, nikaichungulia klachi. Ngozi haikuwepo. Ilikuwa chuma kwa chuma, inang'aa kama kijiko. Sijui nini kilitupandisha kile kilima, mbali na akina mama kumi.

Nikiwa pale chini, uzito wote kifuani, nikaona heri nitoe na ule mwingine. "Fundi," nikasema, "ile Jumatano nilikosea. Injini ilizima kwa sababu mafuta yalikwisha. Sikuangalia tangi. Karibu nikuharibie harusi."

Niliona viatu vyake tu. Vikasogea, akakaa juu ya tairi.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Niliiendesha ile Jumatano, sivyo? Kutoka kwa Mzee mpaka hapa. Ilikuwa inateleza hata kwenye tambarare. Mtu wa miaka thelathini kwa hii kazi asisikie?"

Nilitaka kuinua kichwa nikakumbuka nina giaboksi. "Kwa nini hukusema?"

Kiatu chake kimoja kikachora udongo. "Niliogopa, Barasa. Nimeishi peke yangu miaka mingi. Ninajua pa kuweka kikombe changu usiku. Nikafikiri, wewe ukisema ni mbovu, tutatengeneza. Ukisema ni nzima, gari itaamua yenyewe. Ikifa njiani, si mimi niliyekataa." Akakuna kidevu, nilisikia. "Pale darajani iliposimama, nikajiambia, basi Wekesa, umeokoka, rudi Kianda ukavue hii suti. Nikangoja nifurahi. Nikangoja. Haikuja. Nikaona kumbe nataka kwenda."

Nimewafundisha kusikiliza injini, kunusa, kupima tangi kabla ya kupima klachi. Lakini mtu anaweza kuwa ameshika usukani wako, au amekaa kiti cha nyuma na mikono misafi, na hujui anaomba gari lisimame au liende.

"Usimwambie Rebeka," alisema.

"Siwezi kumwambia."

"Vizuri." Viatu vikainuka. "Sasa ni saa saba. Nimeambiwa nikale nyumbani siku hizi, na nisichelewe."

Nikasikia hatua zake zinakwenda, nyepesi, na anapiga mluzi. Nikamwita. "Fundi! Fundi, giaboksi!" Mluzi ukakata kona na kupotea.

Nilikaa pale na chuma kile kifuani, nikipumua kwa kiasi, mpaka ilipotokea bakora, kisha viatu viwili, cha kushoto kimelika mbele. Mzee Kamande aliinama kwa taabu, akachungulia chini ya gari, akaniona nimelala.

"Kijana," alisema, "saa hizi ndiyo unalala?"